UZI: Kelly Amonte Hiller, mchezaji aliyegeuka kocha na kuokota mabingwa njiani

BintiRaskazone

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma jukwaa hili la michezo miaka mingi bila kuchangia, leo nimeona nianzishe uzi. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye chai aiweke karibu.

Nimecheza netiboli Tanga miaka tisa, nafasi yangu C, yule wa katikati. Timu yetu ilikuwa ya kazini, na ilivunjwa kwa barua ya mistari mitatu: kubana matumizi, asanteni kwa ushirikiano, rudisheni jezi. Siku ile niliirudisha jezi yangu ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, nikasaini daftari la stoo, nikaenda kukaa ufukweni Raskazone mpaka magharibi. Naeleza hili ili muelewe kwa nini habari ya mwanamke wa Marekani imenikaa moyoni kiasi hiki.

Sasa naishi Evanston, kaskazini mwa Chicago, nahudumia wazee kwa zamu ya usiku. Asubuhi moja ya Machi natoka kazini, upepo wa Ziwa Michigan unakata masikio, nikapita njia ya kando ya ziwa penye ukumbi wa mazoezi wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Ukumbi ule una ukuta mkubwa wa kioo upande wa ziwa. Nikamwona binti mmoja ndani, peke yake, ameshika fimbo yenye kapu dogo la wavu kwenye ncha. Anaurusha mpira ukutani, unarudi, anaudaka. Mkono wa kulia, halafu wa kushoto, halafu anageuza kifundo cha mkono na kurusha kwa nyuma ya bega. Nilisimama hadi vidole vikafa ganzi. Hakuangusha hata mara moja.

Nilipomuuliza mfanyakazi mwenzangu ule ni mchezo gani, akanijibu: lakrosi, na kocha wao ni mtu wa kusoma habari zake. Nikasoma. Karibuni.

Kelly Amonte alizaliwa 1974, kwao ni Hingham, Massachusetts, karibu na Boston. Nyumba ya wanamichezo: kaka yake Tony Amonte alicheza magongo ya barafuni kwenye ligi kubwa kabisa na akafika kuwa nahodha wa Chicago Blackhawks. Kelly alikwenda Chuo Kikuu cha Maryland, akacheza soka na lakrosi kwa pamoja. Kwenye lakrosi aliteuliwa kikosi bora cha taifa miaka yote minne, akawa mchezaji bora wa mwaka mara mbili, na akabeba ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 1995 na 1996. Timu ya taifa ya Marekani nayo aliichezea na kutwaa Kombe la Dunia.

Kocha wake pale Maryland aliitwa Cindy Timchal. Likamateni jina hilo, litarudi.

Mwaka 2000, akiwa na miaka 26 tu, Northwestern wakampa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Chuo kiliwahi kuwa na timu ya lakrosi ya wanawake, na aliyeifundisha miaka ya themanini alikuwa Timchal huyo huyo kabla hajahamia Maryland. Mwaka 1992 chuo kikaifuta. Ikabaki klabu ya wanafunzi wanaojichezea wenyewe. Kelly aliambiwa aifufue, na irudi rasmi mashindanoni msimu wa 2002.

Nilipofika hapo nikaikumbuka barua yangu ya mistari mitatu. Kumbe kuna mahali timu iliyofutwa hurudishwa.

Naendelea kwenye posti inayofuata, nisiwachoshe.

Kipenga_Dodoma

Dada, endelea. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari, mpira wa mikono na netiboli. Ila tueleze kwanza mchezo wenyewe unachezwaje, wengine hapa tunaona fimbo na wavu tu.

BintiRaskazone

Sawa mwalimu. Kwa wanawake wa vyuo vya Marekani ni wachezaji 12 kila upande, mmoja akiwa mlinda mlango. Mpira ni wa raba, mgumu, mdogo kidogo kuliko ngumi. Unaubeba ndani ya kapu la fimbo, na unapokimbia unalitikisa kapu taratibu kama unayembembeleza mtoto, ili mpira usitoke. Kwa wanawake kapu haliruhusiwi kuwa na kina kirefu: ukiangalia kwa ubavu, mpira lazima uonekane juu ya ukingo. Ndiyo maana ufundi wa mikono unakuwa kila kitu. Hawavai kofia ngumu kama wanaume, isipokuwa mlinda mlango. Wengine wote wanavaa miwani ya waya na kikinga meno. Kugongana miili kama wanaume hairuhusiwi.

Kitu kilichonivutia zaidi ni mpira wa kuanzia. Baada ya kila bao wachezaji wawili wanakutana katikati ya uwanja. Fimbo zao zinalazwa sambamba, migongo ya makapu ikigusana, na mwamuzi anauweka mpira katikati ukiwa umebanwa. Wote wanatulia kama wanaopigwa picha. Kipenga kikilia wanasukuma kwenda juu, mpira unaruka juu ya vichwa, na wale wanaosubiri pembeni mwa duara wanauvamia. Kwa hiyo ukifunga, hujampa mwenzio mpira kama kwenye soka. Unaweza kufunga, ukaushinda tena mpira wa kuanzia, ukafunga tena, na adui hajagusa kitu. Timu inaweza kufungwa mabao matano ndani ya dakika chache bila kuvuka nusu ya uwanja. Shikeni hilo pia, litawasaidia mbele.

Turudi kwa Kelly.

Lakrosi wakati ule ilikuwa mchezo wa pwani ya mashariki ya Marekani. Mabinti wazuri wote walitoka Maryland, New York, Pennsylvania, na walitaka kubaki huko huko. Nani aache Baltimore aje Illinois kwenye theluji, kwenye timu ambayo haijacheza mechi? Alipata wachache waliokubali kuja. Nafasi zilizobaki alizijaza kwa njia ambayo makocha wengi wangeona aibu: alitembea chuoni akiangalia watu wanavyotembea.

Ndivyo alivyowapata mapacha Ashley na Courtney Koester. Walikuwa wanafunzi wa kawaida wa mwaka wa kwanza, waliocheza michezo mingine sekondari, fimbo ya lakrosi hawajawahi kushika. Kelly aliwaona, akapenda miili yao na mwendo wao, akawauliza kama wangependa kujaribu. Wakakubali. Akawafundisha kuanzia namna ya kuishika fimbo.

Msimu wa kwanza, 2002, walishinda mechi 5 na kupoteza 10. Wa pili, 8 kwa 8. Wa tatu, 15 kwa 3. Wa nne, mwaka 2005, walishinda 21 bila kupoteza hata moja, na kwenye fainali wakaipiga Virginia 13-10. Mapacha wa njiani wamo kikosini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chuo kisicho cha ukanda wa saa wa mashariki kuchukua ubingwa huo.

Miaka minne, kutoka timu iliyofutwa hadi bingwa asiyefungwa. Mimi nimerudia kuisoma hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara naisoma polepole.

MzeeWaMachakos

Binti, hapo kwenye "alitembea chuoni akiangalia watu" nimesimama. Nilikuwa mkimbiaji zamani, na makocha wangu wazuri wote walikuwa na jicho hilo. Anakuona umebeba ndoo ya maji, anajua wewe ni wa mita mia nane.

Lakini niruhusu nipinge kidogo. Northwestern ni chuo tajiri. Na Marekani wana ile sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali. Vyuo vinalazimika kuwapa wanawake nafasi za michezo na ufadhili wa masomo. Kocha mzuri bila hayo angefika wapi?

BintiRaskazone

Mzee wangu, hoja yako nakubaliana nayo nusu. Bila sheria ile, Kelly mwenyewe pengine asingepata pa kuchezea, achilia mbali kufundisha. Ila sheria ilikuwepo 1992 timu ilipofutwa, na fedha zilikuwepo. Vyuo vingi tajiri vilikuwa na vyote viwili mwaka 2005 na havikuchukua kombe. Kilichoongezeka pale ni mtu.

Na mtu huyo alikuja na nini? Hapa ndipo nina jambo langu la kusema. Tunapenda kusema mchezaji bora si lazima awe kocha bora, na ni kweli, tumewaona wengi wameshindwa. Wengi wao hushindwa kwa sababu wanafundisha matokeo: "ingia pale, funga, mimi nilikuwa nafunga". Kelly alifundisha kile alichokuwa anakifanya kabla ya kufunga. Ukuta. Mkono wa kushoto. Kudaka bila kutazama. Timu zake za mwanzo zilijulikana kwa kurusha pasi za nyuma ya mgongo na kubanana na mpinzani uwanja mzima, mambo ambayo timu nyingine ziliyaona ni ya kujionyesha. Kwake yalikuwa matunda ya saa nyingi za ukutani. Mchezaji aliyeanza fimbo akiwa na miaka 18 hawezi kumfikia wa Baltimore kwa uzoefu, lakini kwa ukuta anaweza kumfikia, kwa sababu ukuta haujali umetoka wapi.

Baada ya 2005 wakachukua 2006, 2007, 2008 na 2009. Mitano mfululizo. Mwaka 2009 tena hawakufungwa mechi yoyote, na fainali ilikuwa 21-7 dhidi ya North Carolina.

Kuna kisa cha 2005 nacho nikitaje. Walialikwa Ikulu ya Marekani kupongezwa na Rais, na kwenye picha ya pamoja wasichana kadhaa wamevaa kandambili. Magazeti yakachachamaa wiki nzima. Wao wakazikusanya kandambili zile wakazipiga mnada, na fedha zikaenda kusaidia mapambano ya mtoto aliyekuwa na uvimbe wa ubongo. Nilipenda.

ShangaziPwani

Mwanangu umeandika vizuri, Mungu akuzidishie. Mimi nilisomeshwa na masista wa Kiingereza zamani hizo, na mmoja alikuwa na fimbo ya namna hiyo imetundikwa ukutani ofisini. Tulidhani ni ya kuvulia samaki.

Niongezee historia kidogo. Mchezo huu ni wa wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini, hasa Wahaudenosaunee, muungano wa makabila ya huko, na kwao ni zawadi ya Muumba na ni dawa. Huchezwa hata kumwombea mgonjwa. Mwalimu wa Kiskoti, Louisa Lumsden, aliuona Kanada mwaka 1884, ukafika shule aliyowahi kuiongoza, St Leonards, mjini St Andrews, na mwaka 1890 wasichana wakacheza pale. Aliyesoma huko, Rosabelle Sinclair, ndiye aliyeanzisha timu ya wasichana katika shule ya Bryn Mawr, Baltimore, mwaka 1926. Kwa hiyo huo mnyororo wa mwanafunzi kuwa mwalimu haukuanza leo.

BintiRaskazone

Shangazi, asante sana. Hata tuzo ya mchezaji bora wa vyuo inaitwa Tewaaraton, neno la mchezo wenyewe kwa Kimohawk, lugha ya kabila moja la hao Wahaudenosaunee.

Na umenigusia mnyororo, basi tuuvute. Pale Maryland miaka ya 1995 na 1996 Kelly alikuwa na mwenzake wa timu, Cathy Nelson, siku hizi Cathy Reese. Wote wawili wanafunzi wa Timchal. Cathy akawa kocha wa Maryland kuanzia msimu wa 2007. Mwaka 2010 Northwestern wanatafuta ubingwa wa sita mfululizo, wanatinga fainali, na wanayemkuta ni Maryland ya Cathy. Maryland 13, Northwestern 11. Mwaka uliofuata fainali ni wao kwa wao tena: Northwestern 8, Maryland 7. Mwaka 2012 Kelly akaongeza mwingine kwa kuifunga Syracuse 8-6, na mwaka huo huo akaingizwa kwenye jumba la kumbukumbu la mashujaa wa lakrosi Marekani.

Mataji saba ndani ya misimu minane. Kisha ukame. Miaka kumi na moja.

Huu ndio mwaka ninaotaka tukae nao: 2022. Mfungaji wake mkuu, Izzy Scane, aliumia goti kabla ya msimu, akakaa benchi mwaka mzima. Hata hivyo wakafika nusu fainali dhidi ya North Carolina, na wakaongoza kwa mabao manane. Manane! Halafu ule mpira wa kuanzia niliowaeleza ukageuka. North Carolina wanafunga, wanaushinda mpira, wanafunga, wanaushinda tena. Nimeiangalia mechi hiyo kwenye simu mara mbili na zote mbili nilikuwa naishika shuka. Iliisha 15-14, Northwestern nje.

Mtu aliyechukua saba angeweza kusema umri umefika, asanteni. Yeye alirudi. Scane akapona. Msimu wa 2023 walipoteza mechi ya ufunguzi, kisha hawakupoteza tena. Scane peke yake alifunga mabao 99. Fainali ilichezwa Cary, North Carolina, jimbo la wale waliowatoa: Northwestern 18, Boston College 6.

Huo ulikuwa wa nane. Na kocha mwingine wa wanawake mwenye mataji manane ya daraja la kwanza ni nani? Cindy Timchal. Mwanafunzi amemfikia mwalimu, tena kwa chuo ambacho mwalimu alikiacha, na timu ikaja kufutwa baadaye.

2024 alirudi fainali, akapoteza kwa bao moja, 14-13, kwa Boston College. 2025 fainali tena, akapoteza kwa North Carolina 12-8. Bado yupo.

KampalaKwetu

Uzi mtamu. Niseme la huku kwetu: Uganda ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kwenye Kombe la Dunia la lakrosi, wanaume, Denver 2014. Wanawake wetu nao wakaenda Towson, Maryland, mwaka 2022. Nawaona vijana wakifanya mazoezi kwenye viwanja vya shule hapa Kampala. Wengi walianzia soka na raga. Hiyo mbinu ya kuokota watu wa michezo mingine sisi tunaitumia kwa lazima, hatuna mtoto aliyezaliwa na fimbo.

Na msisahau, mchezo umeingizwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwa mtindo wa watu sita kila upande, uwanja mdogo, robo nne za dakika nane. Timu ya watu sita ni rahisi kuijenga kuliko ya kumi na mbili.

MzeeWaMachakos

Kenya pia tupo. Wasichana wetu wa chini ya miaka 19 walikwenda mashindano ya dunia Peterborough, Kanada, 2019.

Binti, hoja ya ukuta umenishinda. Nauondoa upinzani wangu, nabakiza ule wa fedha.

Kipenga_Dodoma

Dada, nina swali la vitendo. Nina wasichana wa kidato cha pili, fimbo sina, na bajeti yangu ya mwaka mzima ni mipira miwili. Ungeanzia wapi?

BintiRaskazone

Mwalimu, mimi si kocha wa lakrosi, ila nimemuuliza binti mmoja wa hapa anayefundisha watoto bustanini siku za Jumapili. Kasema fimbo isikuzuie. Chukua mti mbichi unaopinda, uukunje ncha juu ya moto, uufunge kwa kamba, na ushone wavu wa kuvulia. Wenyeji asilia walipinda mti wao hivyo hivyo kwa mvuke. Wavu ukaze, usiache kina. Mpira wa tenisi unatosha. Kila mmoja arushe ukutani mara 50 mkono wa kulia, 50 wa kushoto, akisimama hatua tano. Usihesabu aliyedaka, hesabu aliyesogeza miguu kuufuata.

Kipenga_Dodoma

Narudi na ripoti, wiki tatu baadaye. Nimetengeneza fimbo nne kwa matawi ya mpera, wavu nimeletewa kutoka Mtera. Ukuta ni wa nyuma ya maktaba, mwalimu mkuu kakubali mradi tusiguse madirisha. Wamekuja 14 Jumamosi ya kwanza, 23 ya pili.

Nilidhani watakaong'ara ni wachezaji wangu wa netiboli. Sivyo. Kuna msichana mmoja mrefu, mkimya, mrusha mkuki, hajawahi kuchaguliwa timu yoyote ya mpira. Jumamosi hii alisimama hatua kumi badala ya tano bila kuambiwa, akarusha 50 kwa kushoto, akaangusha sita. Kipenga kimepulizwa cha kwenda kula, yeye yupo ukutani.

BintiRaskazone

Mwalimu, nimekusoma nikiwa kwenye basi natoka zamu na nimepitiliza kituo.

Huyo mrusha mkuki msimamishe katikati, mpe mpira wa kuanzia. Mabega yake yanajua kusukuma kwenda juu. Na niandikie kwa faragha anwani ya shule. Yule binti wa bustanini ana fimbo mbili kuukuu za watoto anazotaka kuzigawa, na mimi Desemba nakuja nyumbani.